Watatu Kibarazani kwa Joyce

Hapo zamani, wala si zamani sana, msimu wa uchaguzi ulipofika huko Marekani televisheni zilikuwa hazinyamazi. Mimi mwenyewe nimechoka kuisimulia hadithi hii, ila haijapata mwamuzi. Basi sikilizeni.

Katika wilaya moja ya wafuga ng'ombe, watu wawili wa chama kimoja waliwania kiti kimoja cha bunge la jimbo. Dale Brekke alikuwa nacho, Marlene Haugen alikitaka. Wote wahafidhina, wote wa kanisa moja. Ukiwauliza juu ya kodi, bunduki au utoaji mimba, majibu ni yale yale.

Huko mjini kulikuwa na kikundi cha wanaharakati wahafidhina, Walinzi wa Nyumba. Kilimwona Dale amelegea, kikaamua kumwaga fedha upande wa Marlene. Sheria ya kule ina mambo yake: kikundi kama hicho kitumie kipendavyo, mradi kisipange lolote na mgombea. Kwa hiyo Marlene hakuulizwa. Aliwasha televisheni akaona.

Tangazo lilisema: "Dale Brekke aliikataa bajeti ya hospitali yetu." Aliikataa, ndiyo. Aliikataa kwa kuwa bajeti hiyo ingefunga wodi ya wazazi, na hilo halikusemwa. Likarushwa asubuhi, likarushwa mchana, likarushwa jioni.

Dale akashindwa. Aliyeumia zaidi ni mkewe, Joyce, mkunga wa wodi hiyo hiyo. Wanawake aliowazalisha wakimwona dukani wanageuza toroli kumkwepa. Akaacha kanisa, akaacha na kazi. Inauma, jamani.

Baadaye daktari wa hospitali akasimama kanisani akaeleza yote. Jumapili hiyo watu watatu wakaenda kwa Joyce kuomba radhi, wakasimama kibarazani, theluji inawaangukia.

Joyce akafungua mlango nusu. "Nimechoka," akasema. "Nina nguvu ya kumsikiliza mmoja tu. Aingie aliyenikosea zaidi. Wengine nendeni salama."

Akasema Ardis, mjane jirani, aliyeuza ndama ili awachangie Walinzi. "Ni mimi. Bila sisi wachangiaji tangazo lisingeruka. Nilitoa kwa ajili ya watoto wasiozaliwa, Joyce, Mungu anajua. Lakini Dale alinieleza sababu yake kwa mdomo wake, pale uani. Nikaiamini televisheni."

Akasema Trent, mwandishi wa tangazo, aliyekuja kutoka mjini kwa sherehe ya ushindi, akaingia kanisani na wenyeji akamsikia daktari. "Ni mimi, mama. Hamna neno la uongo mle, mwanasheria alilipitia. Nilikata tu pale palipofaa kukatwa. Na sitakudanganya, msimu ujao nitaandika jingine. Ndiyo kazi yangu."

Akasema Marlene, "Sheria ilinikataza kupanga nao."

"Ilikukataza kuja hapa kwangu?" Joyce akauliza.

Marlene akainama. "Hapana. Ukweli niliujua tangu siku ya kwanza. Nilitaka nishinde kwanza, ndipo niseme. Halafu nikaona haya."

Ardis akamtazama Trent, Trent akamtazama Marlene. Hakuna aliyesogea, na hakuna aliyeondoka.

Nanyi mmekaa tu mnanitazama, na baridi inaingia ndani kwa mama wa watu. Haya, semeni: kati ya watatu hao, nani alistahili kuvuka kizingiti?