Jiwe la Kuwapimia Wakubwa

Hapo zamani za kale, wanangu (na wewe huko nyuma, acha kumfinya mwenzio), wanyama walikuwa na mji wao, Nyika Mpya. Kila msimu waliingia wageni, na kila mgeni alikuja na kiu yake.

Mkubwa wa mji alikuwa Tembo. Yeye na wenzake wawili, Kiboko na Faru, walichimba visima virefu wakavuta maji kwa pampu kutwa kucha: gudu-gudu-gudu! Maji yakatoka, mji ukakua, wakasifiwa kweli kweli.

Chini kabisa aliishi Bi Fuko na watoto wake wanne. Yeye ndiye aliyesikia ardhi ikikauka na kujibana. Ta! Ufa. Ta! Mwingine. Akapanda mpaka barazani kwa Tembo.

"Shikamoo, Mzee. Ardhi inazama."

"Marahaba. Izame iende wapi?" Tembo akacheka mpaka masikio yakapiga pwaa, pwaa.

Bi Fuko akarudi mara ya pili, akaambiwa kuta zinapasuka kwa sababu mafundi wa siku hizi ni wababaishaji. Mara ya tatu Tembo alimcheka kutoka dirishani tu, hata karibu hakumwambia.

Juma lile lile, puu! Chumba cha watoto kikaporomoka. Bi Fuko alichimba mpaka kucha zikatoka damu. Akawatoa watatu wazima. Kitinda mimba wake, Chiku, alimkuta hapumui.

Alilia, wanangu. Alilia mpaka sauti ikamkauka. Kisha akajifuta uso, akawatazama wale watatu waliobaki. "Hawa wakubwa hawaogopi mji kuzama," akawaza. "Basi wanaogopa nini?"

Sasa, mji ule ulikuwa na desturi. Katikati ya soko lilisimama jiwe refu lililoshikana na mwamba wa chini. Kila mwaka, siku ya mavuno, wakubwa walisimama kando yake wakapimwa urefu, na mstari wa chokaa ukachorwa usawa wa utosi. Wadogo hawakupimwa. Nani ahangaike kumpima fuko?

Siku ilipofika, Tembo akajisimamisha kando ya jiwe. Mpimaji akachora. Mstari mpya ulikuwa chini ya ule wa mwaka jana, shubiri nzima!

"Mjinga wee! Pima tena!"

Akapima tena. Shubiri. Kiboko naye? Shubiri. Faru? Shubiri.

Bi Fuko akajipenyeza mbele. "Lahaula! Pole sana, Mzee. Kumbe ni kweli alivyosema marehemu bibi yangu."

"Alisema nini? Sema upesi!"

"Maji ya chini sana yana nguvu. Ukiyavuta, nayo yanakuvuta. Unapungua kidogo kidogo, mwishowe..." Akajitazama vimiguu vyake. "Bibi naye alizaliwa mkubwa kama wewe."

"Mama yangu wee!" Tembo akajipapasa utosi kwa mkonga. "Dawa yake?"

"Fungeni visima virefu. Chimbeni mabwawa, mvua ijae humo na ishuke ardhini yenyewe. Tunywe ya juu, tena kwa zamu."

Jua halijazama, pampu zote kimya. Mji ulinung'unika, ukapanga foleni, ukazoea. Mvua ikaja, ardhi ikanywa.

Mwaka uliofuata Tembo akapimwa tena. Mstari ule ule! "Nimepona!" akapiga kelele. "Bi Fuko, lini nitaurudia urefu wangu?"

Bi Fuko angeweza kumwacha aamini hivyo, lakini alimkumbuka Chiku. "Hukupungua hata unywele, Mzee. Jiwe limeshikwa na mwamba. Sisi wengine wote tumeshuka pamoja na mji."

"Ulinidanganya!"

"Nilikuambia kweli mara tatu, ukanicheka. Uongo niliusema mara moja, ukanisikia."

Tembo akainua mguu. Soko zima likafumba macho. Kisha akaushusha polepole, kama anayeogopa kuitonesha ardhi.

"Basi mji utapanda lini?"

"Haupandi, Mzee. Ulioshuka umeshuka, na mwanangu yumo humo. Mimi nawatetea hawa watatu."

Nanyi, wanangu, mjue hili: anayenywa maji bila kujali yanakotoka, huwazamisha wenzake kabla hajazama yeye.