Mahali Sauti Inapoanza Kushuka

Mtu mmoja alikuwa na sikio lisilokosea. Aliitwa Ambakisye, naye alifundisha nadharia ya muziki katika chuo kikuu kimoja cha nyanda za juu, kule ambako mvua haina msimu wa kupumzika. Mfuniko wa sufuria ukianguka jikoni, yeye akiwa sebuleni alisema hiyo ni nota ya fa. Geti la jirani likilia, alisema hiyo ni la, tena la iliyochoka. Hakujisifu kwa hilo, kama wewe usivyojisifu kwa kuona mlango ulipo. Alisikia tu, na alichosikia alikisema. Mkewe, Tusekile, alipokuwa bibi harusi alifurahia sana mambo hayo, akawa anaangusha vijiko makusudi ili amsikie mumewe akivitaja kimoja kimoja.

Lakini sikio la namna hiyo lina adha yake. Tusekile alikuwa mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya mtaa, na kwaya ile iliimba bila kinanda. Ninyi mliowahi kuimba mnajua kinachotokea. Wimbo huanza mahali pake, na ukifika mwisho umeshuka, na hakuna aliyeona kitu, kwa sababu wote wameshuka pamoja. Ambakisye aliona. Alikaa kwenye benchi la kanisa amekunja uso kama mtu anayetolewa mwiba, na baadaye akawa anatoka nje kabisa kwaya inaposimama. Wakirudi nyumbani alimweleza mkewe, kwa upole, wameshuka kiasi gani. Alimweleza kwa mapenzi, hilo niaminini. Taratibu Tusekile akaacha kuimba jikoni mumewe anapokuwa nyumbani. Hakukatazwa. Aliacha tu, na yule mwenye sikio lile hakusikia kwamba jikoni pamenyamaza.

Ikawa mhadhiri mkuu wa somo hilo, Profesa Ndekusara, mama mkali mwenye moyo laini, anastaafu. Nafasi yake ilikuwa moja, na Ambakisye aliitaka kwa roho yake yote. Alikuwa pale kwa mkataba wa muda. Akipewa mwingine, yeye, Tusekile na mtoto wao Lusajo wangetoka katika nyumba ya chuo, naye angerudi kufundisha jiografia sekondari, alikotoka. Jiografia aliifundisha vizuri, ila hakuipenda, na wanafunzi wake walilijua hilo tangu kipindi cha kwanza. Usiku na mchana aliwaza nafasi ile. Tusekile naye aliomba kwa ajili yake, bila kuimba.

Profesa Ndekusara alikuwa na mtihani wake mwenyewe. Vyeti aliwaachia wenzake wa jopo wavisome. Yeye alimpa kila mwombaji watu wasiojua kusoma nota hata moja, wimbo mpya wa beti nne, na asubuhi nzima. Wafundishe, kisha waimbe bila chombo chochote. Alikuwa na kile chuma kidogo chenye meno mawili kama uma, ambacho ukikigonga hutoa sauti moja, leo na kesho na hata tukishakufa sote. Alikigonga kabla ya wimbo, akakigonga tena baada ya wimbo, basi. Zamu ya Ambakisye ilipofika, walioitwa walikuwa kwaya ya mtaa wake. Aliingia ukumbini akamkuta mkewe amesimama mbele yake katika sauti ya pili, ametazama chini ili asimchekeshe.

Na pale mwisho wa mstari wa besi alisimama Mzee Asangwile. Huyu ndiye aliyeianzisha kwaya ile. Katika kwaya zetu mtu mgeni husimamishwa kando ya mwenye sauti imara, naye huegemeza sikio lake kwake mpaka la kwake lipate nguvu. Kwaya nzima ile ilifundishwa hivyo, na aliyeegemewa alikuwa Mzee Asangwile. Wengine walikuwa wajukuu wa watu aliowaanzisha yeye.

Ambakisye alifundisha vizuri. Waliushika wimbo upesi, wakauimba mpaka mwisho. Profesa akagonga chuma, na kila mtu akasikia kwamba wameshuka. Ambakisye akawaambia wameshuka, wakaanza upya, wakashuka tena. Mara ya tatu aliamua kuimba nao, yeye akibaki juu, mahali pa haki, kwa nguvu zake zote. Baadhi wakamfuata, baadhi wakabaki chini, na wimbo ukapasuka katikati kama kitambaa. Waimbaji wakacheka kwa aibu. Mjumbe mmoja wa jopo, aliyetoka chuo kingine, akatazama saa yake.

Hapo Ambakisye akafanya kile ambacho sikio lake liliumbiwa. Aliwaambia waimbe, naye akapita kati ya mistari polepole, akisikiliza, akiufuata ule mshuko kurudi nyuma mpaka unakotoka. Alifika mwisho wa besi akasimama. Katika mstari wa pili wa wimbo palikuwa na sauti moja ndefu. Mzee Asangwile aliishika, pumzi ikampungukia, na sauti yake ikakaa chini kidogo tu, kama mtu anayeketi kabla ya wenzake. Jirani yake akaketi naye. Kisha mstari wote wa besi, kisha ukumbi mzima. Hawakukusudia. Masikio yao yalikuwa bado yameegemea pale pale yalipofundishwa kuegemea.

Ambakisye alifurahi, maana ugonjwa ukishajulikana ulipo, tabibu hupumua. Alimwendea mzee, akamwamkia kwa heshima zote, akamwomba apumzike kidogo pale benchi. Mzee Asangwile alichukua kofia yake akaenda kuketi. Kwaya ikaimba beti zote nne, na Profesa alipogonga chuma, sauti ya chuma na sauti ya watu zilikuwa kitu kimoja. Mjumbe wa chuo kingine akatikisa kichwa kukubali. Kusema kweli waliimba kama watu wanaosoma tangazo, lakini waliimba mahali pake. Nafasi ilikuwa ya Ambakisye, na yeye mwenyewe alilijua hilo, akainua uso kumtafuta mkewe, kama mume yeyote anavyofanya akifurahi.

Tusekile alikuwa hamtazami. Alitazama benchi, ambako mzee alikuwa bado ameshika kofia magotini. Wakati wote wa wimbo mzee huyo alikuwa amefuatisha maneno kwa midomo tu, bila kutoa sauti. Tusekile akatoka katika mstari wake, akamsogelea mumewe, akasema kwa sauti ya chini ambayo ukumbi mzima uliisikia, kwa kuwa palikuwa kimya:

"Baba Lusajo, mwanafunzi wako ni huyo uliyemkalisha."

Kisha akarudi mahali pake.

Ambakisye angeweza kuyaacha yakaishia hapo. Chuma kilishakubali, jopo lilishakubali, na nyumba ya chuo ilikuwa kama imebaki yao. Lakini aligeuka akalitazama benchi. Nadhani hapo ndipo aliposikia lile jiko lililonyamaza. Akaenda kwenye benchi, akamshika mzee mkono, akamrudisha mwisho wa mstari wa besi. Naye akasimama kando yake, ingawa sauti yake haikuwa ya besi, akauanzisha wimbo.

Kwenye ile sauti ndefu mzee akashuka. Na Ambakisye, kwa sikio lile lililomuuma, akashuka naye. Kwa mara ya kwanza maishani aliimba makosa huku anajua. Alikaa naye kule chini mpaka mwisho wa ubeti, bega kwa bega. Ubeti wa pili ulipoanza alipanda kidogo, kiasi cha mtu kusogeza kiti. Mzee Asangwile, aliyesahau siku nyingi namna mgeni anavyofanya, akaegemeza sikio lake kwake, akapanda naye. Mstari wa besi ukawafuata. Ubeti wa tatu wakapanda tena. Katika ubeti wa nne kwaya nzima ilikuwa ikiinuka kama mgonjwa anayetoka kitandani ameshikwa mkono. Tusekile aliimba machozi yakimtoka, wala hakuyafuta.

Profesa Ndekusara akagonga chuma. Hawakuwa wamefika. Pengo lilikuwa dogo, lakini lilisikika, na mjumbe wa chuo kingine aliandika jambo kwenye karatasi yake.

Najua mnavyopenda kujua nani kapata kazi. Aliipata, baada ya ubishi. Yule mjumbe alisema mwalimu wa nadharia haajiriwi kuwashika wazee mikono, na kwamba mzee alipokuwa benchi wimbo ulikuwa sahihi, na aliporudishwa haukuwa. Profesa alikubali kwamba hayo ni kweli. Kisha akawaambia kwamba watu wa kusikia kosa amewaona wengi, na yeye mwenyewe amekuwa mmoja wao maisha yake yote. Mtu aliyekuwa akimtafuta yeye ni yule ambaye akishasikia mahali kosa linapoanzia, miguu yake humpeleka kusimama papo hapo. Siku ile jioni maharage yalikuwa jikoni na Tusekile alikuwa anaimba, chini ya mahali pake kabisa. Ambakisye akachukua kisu na vitunguu, akaingia na sauti ya tatu pale pale alipo mkewe. Aliniambia mwenyewe kwamba haikumuuma.

Mzee Asangwile aliimba mpaka akatuacha, na tulimzika kwa wimbo ule ule. Ambakisye, ingawa hakuwa mtu wa besi, akachukua nafasi yake mwisho wa mstari ule, na kila mgeni aliyeingia kwaya alisimamishwa kando yake. Alifundisha chuoni mpaka akastaafu. Wanafunzi wake wametapakaa, na wengine wanaongoza kwaya kubwa kuliko yetu. Nywele zake sasa ni nyeupe.

Na siku hizi, ndugu zangu, wimbo umeanza kushuka tena. Nimekaa nikasikiliza Jumapili nyingi, na nasikitika kusema kwamba unaanzia kwake. Lile sikio lisilokosea limeanza kukosea, na mwenye nalo hajui. Tusekile anajua. Anasimama kule katika sauti ya pili, mzee sasa naye, na mumewe akishuka anashuka naye, anatabasamu. Lakini yeye ni mmoja, na pumzi yake pia si ya jana.

Basi ninyi mnaosikia vizuri leo, ninyi aliowafundisha kusikia: Jumapili ijayo mtampelekea benchi, au mtakwenda kusimama kando yake?