Mafuta Mekundu ya Haralambie

Mtu akiona haya kutaja maradhi yake, hata tabibu bingwa hubaki akipapasa gizani. Jambo hili wengi tunalijua midomoni tu, mpaka siku litubane wenyewe. Lilimbana Haralambie, dereva mkongwe wa vilima vya Moldova, na namna alivyojinasua inastahili kusimuliwa.

Haralambie aliendesha malori ya shamba la ushirika tangu ujana wake hadi ushirika ulipovunjwa. Madereva wengi walifunzwa naye, wala hakuwa mtu wa kubembeleza. Mwanafunzi aliyesahau kukagua tairi alirudi nyumbani kwa miguu. Gari lililopita mikononi mwake halikuulizwa swali.

Ilikuwa Mei, misitu ya akasia imechanua nyeupe pepepe. Maua hayo hayamngoji mtu; mfuga nyuki asiyewahi hula hasara mwaka mzima. Agafia, dada yake Haralambie, alikuwa mjane na nyuki ndio shamba lake, ng'ombe wake na pensheni yake. Walikuwa wameziba milango ya mizinga nyuki wakiwa wamelala, wakaipanga juu ya lori kuukuu la Haralambie, wakaondoka alfajiri kuelekea msituni. Sharti lilikuwa moja: wafike na kuifungua kabla jua halijakolea. Nyuki waliofungiwa kwenye joto hufa kama samaki nchi kavu.

Katika mteremko mrefu, breki za nyuma zilishika zikakataa kuachia. Haralambie aliondoa mguu kwenye pedali, lori likazidi kujikokota kama punda mkaidi. Moshi ulifuka kwenye ngoma za breki. Akasimama kando ya barabara.

"Kaka, mbona tumesimama?" Agafia aliuliza.

"Gari linapumua kidogo."

"Linapumua moshi?"

Lori la mfuga nyuki mwingine, nalo limesheheni mizinga, lilipunguza mwendo. Haralambie akalipungia mkono lipite.

"Si ungemwambia?"

"Nimwambie nini? Kwamba Haralambie kashindwa na breki?"

Punde ikaja gari ndogo ya Terente, aliyekuwa mwanafunzi wake zamani na sasa mfuga nyuki. Huyu hakungoja kupungiwa.

"Shikamoo, mwalimu. Moshi huo ni wa sigara?"

"Marahaba. Tunapunga upepo tu."

"Na nyuki nao wanapunga upepo?" Terente alisema, jeki tayari i mkononi.

Waliliinua gurudumu la nyuma. Halikuzunguka hata kwa nguvu za watu wawili. Terente akalegeza kebo ya breki ya mkono. Wapi. Akafungua skrubu ya kutolea hewa, mafuta yakaruka kwa kishindo na gurudumu likazunguka kama pia. Akaikaza, akamwomba Agafia akanyage pedali na kuachia. Gurudumu likaganda tena.

"Kebo haina kosa," Terente alisema. "Mafuta yanakwenda lakini hayarudi. Mwalimu, umetia mafuta gani?"

"Ya dukani," Haralambie alijibu akitazama pembeni.

"Basi mpira wa bomba umevimba ndani. Niende mjini nikatafute mwingine."

"Kwenda na kurudi ni adhuhuri," Agafia alisema. "Utanikuta nazika." Alikuwa akimwagia mizinga maji kwa kikombe. Mvumo wa nyuki ulikuwa umegeuka ngurumo, na asali iliyoyeyuka ilianza kuchuruzika ubavuni mwa lori.

Haralambie aliitazama ile asali. Terente alikuwa ameshawasha gari.

"Terente, zima gari."

"Kuna nini?"

"Machi nilipotengeneza breki, mafuta ya dukani hayakutosha. Nikajazia yale mekundu ya ushirika. Nilikuwa na chupa yake stoo."

"Yale ya mbarika na spiriti?"

"Hayohayo. Nilijiambia ya enzi zetu ni bora."

"Mwalimu, si wewe uliyenipiga kofi la kisogoni nilipotaka kuyachanganya?"

"Ni mimi. Kofi lako utanirudishia baadaye. Sasa tutengeneze."

Terente alifungua chombo cha mafuta ya breki. Ndani mlikuwa na mabonge kama maziwa ya mgando, kwani mafuta ya aina mbili hayakupatana. Mguu ukikanyaga, mafuta yalijipenyeza. Ukiachia, mabonge yaliziba njia ya kurudi. Hakuna bomba jipya ambalo lingeponya hilo. Ili kuyayeyusha mabonge, Terente alitoa kwenye buti chupa ya spiriti kali aliyokusudia kulowekea gundi ya nyuki, dawa ya kifua.

"Mwaka huu wenye vikohozi watakunywa chai," alisema.

Haralambie hakukubali mwingine alale chini. Aliingia mwenyewe uvunguni katika vumbi na mafuta, akiita, "Kanyaga, achia, kanyaga," mpaka mabonge yakatoka na spiriti ikatiririka safi. Wakajaza mafuta mapya ya breki aliyokuwa nayo Terente garini, wakatoa hewa. Pedali ikakanyagwa na kuachiwa. Agafia akalisukuma gurudumu kwa kidole, nalo likazunguka.

"Litakufikisha," Terente alisema. "Usirudi nalo kabla ya kubadilisha mipira yote."

Walifika msituni jua likianza kuchoma. Milango ilipofunguliwa, nyuki walimwagika, wakazunguka, kisha wakaelekea kwenye maua. Mzinga mmoja ulikuwa kimya. Agafia aliufunika.

Palepale Haralambie alimwendea yule mwenye lori aliyempungia apite. Mbele ya wafuga nyuki wote, wengine wakiwa wanafunzi wake, alieleza alichochanganya na alichoficha, na kwamba mzinga ule uliokufa ni deni lake. Aliyetaka kucheka alikosa pa kuanzia, maana mzee alikwisha kusema yote. Badala yake, dereva mmoja alivua kofia, akamwomba aje alikague lori lake kabla hawajarudi. Kofi la kisogoni Terente hakulidai kamwe.

Mizinga ile mingine ilijaa asali mwaka huo kwa sababu mtu mwenye jina kubwa alikubali kulivunja mbele ya mwanafunzi wake, na waliokuwapo walishuhudia kwa macho yao kwamba mficha uchi hazai.