Sukari ya Mlangoni

Wapendwa, sogeeni mbele kidogo. Viti vya nyuma havina upako zaidi, viko karibu na mlango tu. Najua mnavipendea nini.

Kulikuwa na mama mmoja mjane. Jina lake silitaji, maana ninyi nikitaja jina tu mnaanza kuulizana ni wa ukoo gani, na mahubiri yanaishia hapo. Aliishi nyanda za juu, kule ambako mwezi wa saba nyasi huamka zimeota mvi, na ukungu ukishuka hukaa kama mgeni asiyejua kuaga. Watoto wake walikuwa mjini. Walimpenda sana, kwa simu. Alichobaki nacho ni mzinga mmoja wa nyuki, nyuma ya jiko, aliouacha marehemu mumewe.

Sasa, baridi ya kule haina maua, na pasipo maua nyuki hana chakula. Na nyuki wetu hawa si watu wa kuvumilia. Wakiona njaa hawaitishi kikao. Wanahama wote, hata salamu hawaachi. Kwa hiyo wakati wa baridi mama aliyeyusha sukari kwenye maji ya uvuguvugu, akaimimina kwenye sahani ndani ya mzinga, akatandaza vijiti juu yake ili wanaokunywa wasizame. Kisha akaweka sikio kwenye ubao. Ndani mlikuwa na mvumo mdogo, kama watu wanaoongea chumba cha pili. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yake ya kutwa.

Na sukari aliipata wapi? Kanisani.

Jumuiya yake ilikuwa nzuri, kama yetu. Mtu akiugua, wanampelekea sukari. Akifiwa, sukari. Akijifungua, sukari. Nadhani hata ungeng'olewa jino wangekuletea sukari. Kila Jumamosi katibu wa jumuiya alipanda na pikipiki mpaka kwa yule mama, akapiga hodi, akamkabidhi mfuko, akamwambia tunakuombea, akageuza. Pikipiki haikuzimwa. Baraka zote zilitolewa huku inanguruma. Mama alisimama mlangoni mpaka mlio ukapotelea kabisa bondeni, ndipo akarudi ndani.

Kule kwenye jumuiya walimtania. Walisema yule mama anaijua chai, mfuko unakwenda na mfuko unaisha. Wakafurahi. Nani asiyefurahi akiona alichotoa kinaliwa?

Jumamosi moja, katikati ya "tunakuombea", pikipiki ikazimika. Katibu akapiga kiki mpaka akatoka jasho kwenye baridi ile, wapi. Mimi nadhani ile pikipiki ilikuwa imeokoka kuliko mwenyewe. Ikabidi aingie ndani.

Mama alihangaika utadhani amepokea wakwe. Alifuta kiti kilichokuwa safi, akakifuta tena. Akachochea moto, akaleta vikombe viwili, kimoja kina vumbi la kukaa muda mrefu bila kazi, akakisuuza. Katibu akaonja, akakunja uso kama aliyesikia mchango wa jengo umeongezwa. Chai haikuwa na sukari. Mama akaomba radhi, akasema ni mazoea, akamsogezea mfuko aliouleta mwenyewe. Kikombe chake yeye hakukitia kitu.

"Mama, mbona wewe huweki?"

"Nina kisukari, baba. Tangu enzi za marehemu."

Katibu akakiweka kikombe chini. Akauliza, basi sukari yote ile inakwenda wapi? Mama akampeleka nyuma ya jiko, akamwonyesha sahani na vijiti, akamweleza kuwa ikikosekana, nyuki watahama.

"Sasa kwa nini hukutuambia, mama? Tungeacha kukuletea."

"Ndiyo maana sikuwaambia."

Kisha, kwa sauti ndogo, akamwomba jambo hilo liishie palepale.

Lakini katibu alikuwa mtu mwaminifu. Akalipeleka kwenye kikao. Watu wakashtuka, wakamshukuru Mungu kwa kuwaepusha na dhambi ya kumuua mama wa watu kwa kijiko. Ikapitishwa bila mpinzani: sukari isimamishwe, kwa upendo. Wakafunga kwa sala, na mama wakamtaja kwa jina.

Jumamosi iliyofuata mama alichemsha chai, akatoa vikombe viwili, akakaa mlangoni. Ukungu ulikuja. Pikipiki haikuja. Na Jumamosi nyingine vilevile. Sahani ndani ya mzinga ikakauka. Asubuhi moja akaweka sikio kwenye ubao, akasikia ubao mtupu.

Mnanitazama. Mnataka niwape mwisho mzuri. Nitautoa wapi? Niambieni ninyi, jumuiya ile ilikosea wapi? Ilitoa. Iliomba. Ilijali mpaka afya yake. Ila katika miaka yote hakukaa mtu hata mmoja akamaliza kikombe, na ni kikombe kimoja tu kingewaambia ana maradhi gani, na ana upweke kiasi gani.

Nasi tuko hivyohivyo. Tukisikia fulani yuko peke yake, tunauliza upesi, "Tumtumie nini?" Mama yule aliwalisha nyuki ili wasiondoke. Sisi tunamlisha mwenzetu ili tupate kuondoka. Ule mfuko ndio ruhusa yetu. Ukishapokelewa, tumemaliza, dhamiri imelala, gia imeingia.

Sasa hivi ninaposema, kila mmoja wenu ameshauona mlango fulani. Usinitajie, ninao wangu. Nenda leo. Nenda mikono mitupu. Akikuuliza umeleta nini, mwambie umekuja kukaa. Atashangaa, pengine atadhani umefukuzwa nyumbani. Kaa hivyohivyo.

Nilikuwa na hoja mbili zaidi, na zote ndefu. Naziacha. Kuna mtu huko ametega sikio asikie kama kuna hodi, na mimi ndiye ninayewachelewesha.