Madokezo Mawili Mkobani

Wapendwa, leo mwacheni kidogo Farao wa somo letu na washauri wake. Ninaye mshauri mwingine.

Kulikuwa na balozi mmoja mstaafu, mshauri wa rais katika mambo ya nje na ulinzi. Marais watatu waliingia wakatoka, yeye yupo tu! Mnataka kujua siri yake? Kila alipoitwa kikaoni aliandika madokezo mawili ya ushauri. Moja linasema tufanye, la pili linasema tusifanye. Yote anayatia mkobani. Akifika hasemi neno, anautazama kwanza uso wa rais, ndipo anafungua mkoba.

Asubuhi moja habari zikaja: askari wa nchi jirani wamevuka mto wa mpakani. Rais akaita kikao. Balozi akiwa njiani akapokea barua ya kamanda wa kikosi cha nchi yake huko mpakani: "Mafuriko yamehamisha mto. Wale wamepotea njia, na wameshaanza kurudi. Tafadhali msitume ndege." Akaisoma, akaitia mkobani pamoja na madokezo yake.

Akaingia. Rais ameketi, uso umekunjamana, mkono shavuni, hamwangalii mtu. Chai imepoa mezani, hakuna jenerali aliyeigusa.

"Balozi, ndege ziko tayari," rais akasema bila kufungua kinywa vizuri. "Tupige, tusipige?"

Jamani, barua iko magotini pake! Ni kufungua zipu tu. Wewe ungefanyaje? Lakini balozi aliutazama uso ule, akatoa dokezo la vita.

"Tupige, Mheshimiwa."

"Una hakika?"

"Nina hakika, Mheshimiwa."

Rais akasaini.

Vita vilichukua miaka miwili. Sitawaambia idadi ya makaburi, maana baadhi yenu mlipoteza watu katika vita vingine na sitaki kuwatonesha. Mwisho balozi akashindwa kukaa na ile barua. Akampelekea rais, na rais akaisoma mara mbili.

"Hii ulikuwa nayo siku ile?"

"Nilikuwa nayo, Mheshimiwa."

"Mbona hukunipa?"

"Nilikuona umekasirika, Mzee. Nikajua unataka vita."

Machozi yakamlengalenga rais. "Nilikuwa naumwa jino," akasema.

Nasikia mnacheka huko nyuma. Msicheke, mimi hadithi hii inanitisha. Sisi sote tuna mikoba. Baba akinuna mezani, tunafunga zipu. Mkuu wa kazi akikunja uso, tunafunga zipu. Hata mbele za Mungu tunakuja na sala mbili, tukitazama upepo! Na wewe mzee wa kanisa uliyeketi hapo mbele, Jumapili iliyopita ulinishika mkono ukasema mahubiri yalikuwa mazuri. Yalikuwa mazuri kweli, au uliutazama uso wangu?

Ndugu yangu, ukweli ulio nao, wewe unajua ni wa kumpa nani. Mpelekee leo, ndege zikiwa bado chini.