Sijambo ya Bi Punda

Mwaka ule ukame ulilikausha bonde lote, nyasi zikawa vumbi, na kila aliyetaka kula ikambidi atafute kazi. Fisi alipata ya kwake upesi. Korongo, wageni wanaokuja kila mwaka kutoka nchi za baridi, walitaka kwenda kuuona mlima, na walikuwa na samaki wakavu tele wa kulipia. Mabawa walikuwa nayo, lakini mgeni akiwa mapumzikoni hapendi kutumia viungo vyake. Basi Fisi akamwajiri Bi Punda awabebe. Samaki walikuwa wa Fisi. Bi Punda alipewa maji jioni, yakibaki.

Haukupita muda mgongo wa Bi Punda ukachubuka hadi nyama. Fisi akatafuta tandiko jipya la nakshi, pana, likafunika kidonda chote. Wageni wakalisifu sana.

Sungura, jirani yao, hakulisifu. Alikwenda kumshtaki Fisi kwa Mfalme Simba.

Simba alifika amenuna, maana asubuhi ile hakuna aliyemsifia manyoya. "Nani anaumwa hapa?"

"Hakuna, Mfalme," akasema Fisi. "Hebu msikie mwenyewe. Bi Punda, hujambo?"

"Sijambo," akajibu Bi Punda, miguu ikimtetemeka.

"Umesikia? Kwa kinywa chake!"

"Anayesema hajambo, hajambo," akasema Simba. "Hiyo ndiyo sheria." Akaenda zake.

Sungura alimgeukia Bi Punda. "Dada, umeniaibisha! Mbona hukusema?"

"Kanisalimu, nimeitikia. Ulitaka nimjibu mtu salamu kwa kidonda? Mama yangu hakunilea hivyo."

"Alikulea vizuri, ndiyo maana unakufa. Ukianguka, unajua atakayekula ni nani?"

Bi Punda alijua. Kila alipojikwaa, Fisi alimeza mate.

Kesho yake Sungura akamwendea Fisi. "Mfalme anataka kupanda mlimani na wageni. Huko juu kuna karamu, na atakayembeba ataachiwa mifupa yote. Sasa Bi Punda hali mifupa. Hasara, au sivyo?"

"Hasara kubwa!" akasema Fisi, akamvua Bi Punda tandiko na kujivika mwenyewe.

Simba akapanda, na wageni wakafuata kwa miguu wakinung'unika. Mgongo wa Fisi umeinama kwa nyuma, kila mtu anajua, kwa hiyo Mfalme aliteleza kila hatua, na ili asije akaanguka mbele ya wageni, alijishikilia kwa kucha. Bi Punda aliwafuata nyuma, mgongo wazi, kama Sungura alivyomwomba.

Kwenye mwinuko Fisi akaanza kuyumba. Sungura akapaza sauti, "Bwana Fisi, hujambo?"

Wageni wakamtazama. "Si... sijambo," akasema Fisi.

"Mfalme, hajambo huyu."

"Basi twende," akasema Simba.

Mbele kidogo Sungura akauliza tena, "Habari za safari, bwana?"

"Nzuri!" akalia Fisi.

"Nzuri. Twende," akasema Simba.

"Bwana Fisi, hujambo lakini?"

Fisi akajibwaga chini. "Sijambo gani! Hiyo ni salamu tu! Mgongo wangu unapasuka!"

"Kumbe ni salamu tu," akasema Sungura taratibu. "Mfalme, jana hukuambiwa hivyo."

Wote wakageuka kumtazama Bi Punda. Tandiko lilikuwa kwa Fisi, na kidonda kilikuwa juani. Korongo mmoja akakohoa, akasema kwa kweli mlima si mbali kwa anayeruka. Wakaruka.

Simba hakumwonea Bi Punda huruma, alijionea aibu. "Mimi nidanganywe kwa salamu?" akanguruma. Akaamuru Bi Punda apumzike kisimani hadi mvua zinyeshe, na Fisi ambebe Mfalme kila apendapo.

"Lakini Mfalme, nimesema naumia!"

"Umesema mara moja. Kwamba u mzima umesema zaidi. Inuka."

Jioni walipita kisimani. Bi Punda aliacha kunywa, akainua kichwa, kwa kuwa alilelewa vizuri.

"Bwana Fisi, hujambo?"

Fisi hakuitikia.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.