Mitungi ya Siwema

Bwana Shaweji alizungushia ua njia pekee ya kisimani, akatangaza: "Mwanamke akipita kwangu, aniletee mitungi sita ya maji kila siku, msimu mzima!"

Siwema akaenda kwake.

"Shikamoo, Bwana. Harusi ya mwanao ndiyo hii, na sita haitatosha wageni. Mimi nitaleta kumi leo, kesho minane, na kila siku tupunguze miwili."

"Nitajuaje mzigo wa siku fulani?"

"Chukua kumi na mbili, utoe mara mbili ya namba ya siku. Ila uape mbele ya wageni hawa kwamba hesabu hii itafuatwa msimu mzima."

"Naapa! Harusi ikiisha nitawabana wenzako," akacheka Shaweji.

Siwema aliteka maji siku tano. Ya sita hakudaiwa kitu. Ya saba alipiga hodi mikono mitupu, wageni wakila pilau.

"Bwana, maji yangu yako wapi?"

"Yako? Una wazimu, binti?"

"Kumi na mbili toa kumi na nne. Tumeshuka chini ya sifuri kwa miwili, basi leo mzigo unatoka kwako kuja kwangu. Kesho ni minne. Keshokutwa sita."

"Kiapo, Bwana!" wageni wakapiga kelele huku wakicheka.

Shaweji akajitwika mtungi, maji yakamlowesha kanzu. Njiani akanong'ona, "Binti, nisamehe hii hesabu."

"Hesabu ina kosa gani, Bwana? Ng'oa ua."

Aliung'oa jioni ile ile, baada ya kuleta mtungi wa pili.